Chungu Mbele ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 2 Juni

Pakiti ya arobaini na moja ya dawa. Mke wangu Skola ameichemsha mara mbili kama tulivyoelekezwa, akachanganya maji ya kwanza na ya pili. Nimekunywa nimesimama nyuma ya mlango wa chumbani. Harufu ni ya udongo uliolowa na gome lililooza. Nimefuta mdomo, nimekwenda kazini, kwenye mashine ya kusaga.

Mahindi mapya yameanza kuingia. Foleni ya madebe na viroba hadi barabarani. Mashine inanguruma kutwa, sisikii mtu. Nimerudi mweupe kwa unga.

Zamani mwanangu Deo alikuwa ananisubiri nirudi hivi. Kabla sijanawa ananishika mkono, anachora kwenye unga kwa kidole. Mara nyingi alichora kuku. Kuku wake walikuwa na miguu minne.

Jumatano, 4 Juni

Niandike ukweli mahali pamoja, hata kama ni hapa tu.

Dawa ni yangu. Si ya Skola. Hospitali walimpima mke wangu, wakasema hana tatizo. Walinipima mimi, wakasema mbegu ni chache na nyingi hazina nguvu. Daktari aliuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani. Niliwahi. Deo aliyatoa chekechea, akaniambukiza. Tulilala kitanda kimoja, mashavu yamevimba. Mama akaja kutoka Peramiho, akatupaka masizi ya chungu mashavuni, dawa ya kienyeji, mimi na mwanangu. Deo alicheka mpaka taya zikamuuma. Yeye alipona kwa siku chache. Mimi nilivimba na kule chini. Niliona aibu, sikumwambia mtu, sikwenda hospitali.

Mwaka uliofuata Deo alifariki kwa malaria. Alikuwa na miaka sita.

Daktari alisema nirudi kupima tena mwezi wa nane. Hakuniahidi kitu. Dawa ya Kichina ni wazo la Skola. Kuna mzee mmoja hapa mjini, mtu wa hukuhuku, alijifunza kwa Wachina Dar es Salaam. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo, akaangalia ulimi. Akasema figo zangu zimechoka, lakini si hizi figo za hospitali, ni jina la nguvu fulani ya mwili. Nichemshe kwenye chungu cha udongo, si sufuria. Nisiguse ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nimwambie daktari kila ninachokunywa. Akasema labda itasaidia. Nilimwamini kwa sababu ya ile labda.

Siku ya kwanza dada yangu Efrasia aliingia bila hodi, akakuta chungu jikoni, akauliza dawa ya nani. Nilikuwa hapo hapo. Skola akasema, "Yangu, wifi."

Nikanyamaza. Ilikuwa kama kupiga chafya, muda mfupi hivyo. Sasa ni wiki sita.

Na Skola amehamishia mafiga mbele ya nyumba, makusudi, ili kila apitaye aone ni nani anayekoroga. Nilipomuuliza kwa nini, alisema yeye wakimwita tasa ana Deo wa kumtolea ushahidi. Mimi wakinisema nitavunjika. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana inaniuma.

Jumamosi, 7 Juni

Tulifunga mashine mapema. Wenzangu wakaagiza ulanzi. Nikaagiza soda, nikasema tumbo. Mmoja akasema siku hizi mke wangu ndiye anayenikoboa, kesho atanisaga. Wote wakacheka. Nikacheka nao.

Nakichukia kicheko changu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Efrasia alikuja baada ya misa, na kitenge kipya. Alikaa kwenye kigoda mbele ya chungu, akafunua, akakunja pua. Akasema mti ukishakufa mizizi, hata uumwagilie maji kutoka Uchina hauchipui. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akacheka. Skola akacheka pia, kwa adabu, akamkaribisha chai.

Zamani Efrasia alimwita Mama Deo. Sijui aliacha lini. Sasa ni "huyu bibi". Huyu bibi amechelewa kupika. Huyu bibi hana habari.

Nilipomsindikiza barabarani akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya huruma, kwamba hata Deo alifia mikononi mwake. Kwamba mama mwangalifu angewahi.

Nilimjibu jambo jingine. Nikamwambia asalimie watoto.

Sasa nimekaa na kalamu. Skola alimbeba Deo mgongoni mpaka hospitali, mtoto amezimia, mzito vile. Alinipigia simu mara sita. Simu ilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa kwenye msumari, mashine ilikuwa inanguruma. Mara sita. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Kandambili moja ilikuwa mguuni, nyingine ilidondoka njiani. Skola aliifuata kesho yake, akaipata.

Hayo Efrasia hayajui, kwa sababu sijawahi kuyasema. Skola hakuwahi kuyasema.

Alhamisi, 12 Juni

Hasira tu. Nimemfokea mama mmoja mwenye kiroba kimoja, eti mahindi yake yana unyevu. Yalikuwa makavu. Nimemwomba radhi. Akasema, "Pole baba, una jambo."

Jumapili, 15 Juni

Siku mbaya.

Saa kumi jioni ni kikombe cha pili. Skola alikuwa amekwishamimina, mimi nasubiri ndani kama kawaida. Efrasia akatokea, na shoga yake mmoja. Akasema wiki saba sasa na hakuna kitu, yeye anaona huyu bibi anachemsha tu kutuonyesha moshi, hanywi. Akasema, "Kunywa tukuone."

Nilitoka mpaka mlangoni. Hatua tatu tu kumfikia Skola.

Skola akainua kikombe. Akanitazama juu ya ukingo wake. Akanywa dawa yangu yote, mpaka mashapo. Dawa ya mwanamume, iliyopimwa kwa mapigo ya mkono wangu. Efrasia akapiga kofi moja, akasema vizuri, sasa tutaona.

Hatua tatu. Nimezihesabu tena walipoondoka.

Jumanne, 17 Juni

Skola anatapika tangu jana. Ametokwa damu kabla ya siku zake. Nimempeleka hospitali, wamemtundikia maji, wamesema apumzike. Nesi aliuliza amekula nini. Safari hii nilisema ni dawa yangu. Sauti ilitoka ndogo.

Nikapita kwa mzee wa dawa. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Akasema, "Nilimpa mwanamume dawa. Mwanamke ameinywaje?"

Akanitazama mpaka nikaangalia droo zake, zile ndogo ndogo za mizizi na vitunda vyekundu. Akasema kama siwezi kunywa dawa yangu mbele za watu, niirudishe, yeye hawezi kumtibu mtu aliyejificha.

Nilimchukia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona ninayemchukia si yeye.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amepiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua imekwisha, maharage yameanikwa. Kisha akasema kuna kikao Jumapili Peramiho, kuhusu nyumba yangu.

Efrasia amekwishapata mwanamke huko Madaba. Ana watoto wawili, kizazi chake kimejaribiwa. Si ndoa, maana kanisa haliruhusu. Nizae naye tu, mtoto akiachishwa ziwa aletwe, Skola amlee. Mama alisema hata Skola atapata wa kumshika mkono uzeeni. Wanaona ni wema. Sauti yake ilikuwa ya wema kabisa.

Nikawaza nimekwenda Madaba. Mwezi, miezi, yule mama mwenye kizazi kilichojaribiwa naye hapati kitu. Watamnywesha nini huyo?

Nilicheka peke yangu pale mashineni. Hakuna aliyesikia.

Skola anajua kuhusu kikao. Amekunja nguo za Jumapili. Ametoa kandambili za Deo kwenye sanduku, akazifuta vumbi, akazirudisha.

Jumapili, 22 Juni

Niandike taratibu.

Tulikwenda na basi dogo la asubuhi. Skola bado dhaifu. Dawa ya saa kumi nilimwambia aitie kwenye chupa ya chai, tuende nayo. Aliniangalia, akaitia.

Baada ya misa, chakula. Baada ya chakula, kikao, uani kwa Mama, kwenye mikeka na viti vitatu. Baba mdogo aliongea kuhusu ukoo na jina kutopotea. Aliongea vizuri, mzee yule anajua kuongea. Kisha Efrasia. Akasema mambo ya Madaba. Akasema huyu bibi amepewa nafasi, amekunywa mpaka dawa za Wachina, wameona wenyewe, kizazi kimefunga. Akasema na wa kwanza alimpoteza kwa uzembe.

Skola aliangalia mkeka.

Mama akauliza saa ngapi. Mtu akasema saa kumi inagonga. Efrasia akamgeukia Skola, akasema muda wa dawa yake si ndio huu, anywe basi, asije akasema tumemzuia kupona. Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka kwenye kikao kirefu.

Skola akafungua chupa. Akamimina.

Nilinyanyuka, nikauchukua kikombe mkononi mwake, nikanywa. Chote. Niliunguza ulimi.

Nikasema, "Dawa ni yangu."

Hakuna aliyeelewa. Efrasia akasema namkingia mke kifua, mwanamume mzima.

Nikasema tena. Kwamba hospitali wamempima Skola, ni mzima. Kwamba mbovu ni mimi, tangu yale matubwitubwi. Kwamba tangu mwanzo dawa nakunywa mimi, nyuma ya mlango, na Jumapili iliyopita mke wangu aliinywa mbele ya Dada ili mimi nisiaibike, na imemlaza kitandani siku mbili na drip.

Baba mdogo akasema mambo mengine hayasemwi mbele ya wanawake. Nikamwambia, "Baba, ya Skola mmeyasema mbele ya kila mtu."

Kisha nikamgeukia Efrasia. Sauti yangu sikuitambua. Nikasema, "Alinipigia simu mara sita, Dada. Deo anakufa, yeye anapiga, mimi sisikii. Mzembe unayemtafuta ni mimi. Na wewe mwite jina lake."

Kuku alipita katikati ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

Efrasia akakusanya kitenge chake, akasema nimemdhalilisha. Akaenda jikoni. Mama alikuwa anapitisha kidole kwenye ukili wa mkeka, mbele na nyuma.

Tulirudi na basi la mwisho. Skola alilala begani kwangu. Karibu na mjini akasema bila kufumbua macho kwamba ameninunia. Kwamba wiki nane ni nyingi. Nikasema najua.

Jumatatu, 23 Juni

Habari zimefika mjini kabla yangu. Mashineni mmoja ameniuliza kama na mimi nataka kukobolewa. Mwingine amesema mashine ipo ila mkanda umelegea. Wamecheka sana.

Sikucheka. Nikawaambia ndiyo, umelegea, natumia dawa, nani mwingine anaihitaji. Baadaye, saa ya kufagia, mmoja wao alinisogelea na ufagio mkononi akauliza huyo mzee anakaa mtaa gani. Nikamwelekeza. Simtaji hata hapa.

Bado nina hasira. Nilidhani nikisema itakwisha. Imebaki, ila sasa najua inakokaa.

Skola ananijibu kwa neno moja moja. Ni haki yake.

Jumamosi, 28 Juni

Baridi. Ukungu mpaka saa tatu.

Mama amekuja kutoka Peramiho peke yake. Alisimama nje akapiga hodi, na aliita, "Mama Deo, upo?" Skola alikuwa ndani anachambua maharage. Nilisikia yameacha kudondoka kwenye ungo. Kisha akaitika.

Hawakuongea mengi. Mama alileta viazi na kuku mmoja. Kuhusu Efrasia alisema tu kwamba bado amekasirika, na kwamba amwache akasirike. Kuhusu Madaba hakusema.

Mimi nilikuwa kwenye mafiga nachemsha. Siku hizi nachemsha mwenyewe. Mama akachuchumaa karibu, akasukuma kuni, akaangalia chungu kilivyokuwa cheusi. Alikaa hivyo mpaka maji ya kwanza yakaiva.

Akauliza, "Ni yale matubwitubwi?"

"Ndiyo, Mama."

Akafikiri. Akasema, "Mimi nilipaka mashavuni tu."

Nilimwangalia. Sikujua kama nicheke. Alikuwa analia. Nikamwambia hapakuwa na namna ya kujua, na kwamba Deo alifurahi sana siku ile. Akasema anakumbuka, alikuwa anajitazama kwenye maji ya ndoo.

Mwezi wa nane nitapima. Labda. Skola amesema atanisindikiza, kisha akasema tena kwamba bado ameninunia.

Pakiti ya sitini na saba. Nimekunywa nimekaa kwenye kigoda, mbele ya nyumba, watu wanapita kwenda sokoni wananisalimu. Ladha ni ileile.