Kata ya Maji Niliyomficha Kalista

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Rujewa, naomba msaada wako, na usinicheke mwandiko, maana barua hii naiandika kwa mkono wangu na aliyenifundisha kuandika ni mwanangu Kalista, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na tangu tuhamie huku na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga sijaona binti wa kumfikia, anasoma gazeti bila kukwama, anapalilia mpunga kuwashinda kaka zake, na uzuri sitaki kuusema sana kwa kuwa ni mimi nimemzaa. Sasa ameposwa na Isakwisa, kijana wa Tukuyu anayefundisha naye, na wakwe watakuja kumwona baada ya mavuno, lakini tangu masika mwanangu anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari, halafu hatoki chooni, amekonda mpaka nguo zinamvuka, na pale alipokojoa sisimizi wanajaa.

Baba yake, mzee Shigela, alitania, "Mama Kalista, huyu ana mfereji tumboni," tukacheka, kumbe mimi neno lile nililishika, nikafanya kama tunavyofanya shambani, ukitaka jaruba la mpunga likauke unaziba mfereji, basi nikaficha kata, mtungi nikaufungia chumbani kwangu, nikawa nampa togwa na chai ya sukari nyingi ili mwili urudi kabla wakwe hawajamwona. Nilipompeleka zahanati, bwana mganga alichemsha mkojo wa Kalista na dawa ya bluu ukageuka rangi ya tofali, akasema ni kisukari, asinyimwe maji, tumpeleke hospitali Mbeya upesi, lakini nikamjibu, "Mwanangu, wewe huna binti anayeolewa," tukarudi nyumbani.

Jana Kalista alisimama mlangoni kwangu, midomo imepasuka, mwalimu mzima, akaniita kwa Kisukuma chetu, "Mayu, nipe maji, hata hayo ya kuoshea vyombo." Nikampa kidogo, nikalia. Je, niendelee kumbana mpaka harusi ipite, au nimwachie anywe na wakwe wamkimbie?

Mama Kalista, Rujewa

JIBU

Mama Kalista, barua yako sikuiacha ingoje zamu. Siku ileile nilimpa dereva wa lori la mpunga ujumbe akuletee: fungua mtungi, mpeleke Mbeya. Narudia hapa kwa sababu najua mtungi uliofungwa si wa kwako tu.

Umelea vizuri, nakupa pole. Lakini umekosea, tena baada ya kuambiwa. Mwanao si jaruba. Kinacholeta mkojo mwingi si maji, ni sukari. Imezidi kwenye damu, mwili unaitoa kwa mkojo, nayo ikitoka inavuta maji; ndiyo maana ana kiu. Ukimnyima, mwili unakauka, sukari kwenye damu inazidi kuwa kali, na mtu anaweza kuzimia asiamke. Na wewe ukamwongezea togwa! Mpe maji safi yaliyochemshwa, anywe kutwa nzima kila kiu inapomshika. Chai tamu, togwa na soda, acha kabisa.

Ila usije sasa ukadhani maji peke yake yatamponya. Yanausaidia mwili, hayashiki nafasi ya dawa. Kijana aliyekonda hivyo huenda anahitaji sindano, na hilo wataamua madaktari, si mimi wala wewe. Kama bado mko nyumbani, mpandishe basi la kwanza. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinzia ovyo, msingoje basi. Simamisheni gari lolote linalopita.

Habari za wakwe, Kalista ndiye amweleze Isakwisa, kwa mdomo wake, bila kufichwa kitu. Mwanamume atakayemkimbia kwa sababu ya safari za chooni, mfungulie zizi aende.

Kalista alikufundisha kusoma, mama. Popote mlipo, hata kama ni kando ya kitanda cha hospitali, msomee jibu hili kwa sauti, na kata aishike yeye.