Ndoo Uliyoitua Kilabuni

Tanga

Mdogo wangu Yohana,

Salamu zikufikie hapo Ihumwa, wewe na wote wa nyumbani. Mvua zimenyesha? Uwele umeota? Mimi nipo, ila si wa kunyanyuka tena. Naandika mistari mitatu, napumzika.

Tangu kiwanda cha katani kiuzwe, mkwe wangu hana kazi. Binti yangu anauza mitumba sokoni, mumewe anabaki na mimi. Anapika, anachota maji, ananiogesha. Juzi jirani alimtania dirishani: "Mama mwenye nyumba, leo tunakula nini kwako?" Akacheka: "Dagaa, dada. Lete sahani." Nikageukia ukutani, nikalia.

Unaikumbuka siku uliyopita kilabuni na ndoo kichwani. Nilikuwa likizo, mwalimu mwenye suruali iliyopigwa pasi. Nikakuita: "Yohana, kitenge umekisahau wapi?" Ukasema, "Kaka, Debora ni mjamzito, nesi kamkataza mizigo." Nikasema, "Basi mtoto akizaliwa mnyonyeshe wewe." Kilabu kizima kikacheka. Ukaitua ndoo, ukakaa nasi. Hukuchota tena.

Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kesho yake asubuhi mkeo alinijia, akapiga magoti. "Shemeji, neno lako ndilo analolisikia. Mwambie tu si aibu." Nikamjibu, "Simfundishi mdogo wangu kuwa mwanamke." Akainuka, akaondoka. Siku ya tatu alianguka kwenye ukingo wa korongo, akitoka kuchota maji mchangani, tukamzika na mtoto wake tumboni.

Matangani uliniuliza kwa nini hakukuomba umsaidie. Nikasema alikuwa mkaidi. Nilijua nasema uongo. Na Neema wenu, aliyekuwa akitambaa wakati ule, amekua akiambiwa kwamba mama yake aliponzwa na ukaidi.

Nilidhani mwanamume ni mtu asiyechekwa. Mkwe wangu anachekwa kila siku, na ndiye anayenigeuza kitandani nisioze.

Msamaha nauomba, lakini usinipe haraka. Kwanza msomee Neema barua hii yote, usiruke hata yale maneno ya kilabuni.

Nisalimie mkeo wa sasa, na shangazi yetu asiyeona. Neema naye nisalimie, ila baada ya kumsomea, si kabla.

Kaka yako,
Mika