Maneno Uliyoyaongeza Kwenye Sinema

Mume wangu, Baba Anjela,

Jumapili iliyopita mjukuu wako Neema alikuja kunitembelea hapa Singe. Tulikuwa barazani tukichambua mbaazi, akaegemeza simu yake kwenye ndoo na kunionyesha sinema ya mapenzi. Kijana na binti waligombana ndani ya gari, wakapatana ufukweni, wakaoana. Ilipoisha Neema alikuwa akifuta machozi, na mimi sikuwa na hata tone. Akaniuliza, bibi, kwani zamani ninyi mlilizwa na sinema gani? Nikamtajia tatu. Sikumweleza kwamba hizo tatu niliziona kwa macho yangu lakini nilizisikia kwa kinywa chako, wala sikumweleza yaliyotokea baada ya ile ya tatu. Hayo nakuandikia wewe. Umekaa kaburini miaka kumi na moja sasa, na mimi nimekuwa mzee kiasi cha kutosha kusema ukweli.

Unaukumbuka ule ukumbi wa karibu na soko, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza liingie mchana. Jumapili saa tisa, watu wakishatoka kanisani na kula, mashine ya dizeli ilianza kunguruma nyuma ya ukuta. Dizeli ikikosekana, hakuna sinema, na miaka ile ya themanini mwanzoni nini hakikukosekana? Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya chumvi, foleni ya kitu tusichokijua bado. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai na majivu. Wewe ulitengeneza baiskeli bila vipuri, tyubu moja ina viraka mpaka haijulikani rangi yake ya kwanza.

Lakini Jumapili ulikuwa mtu mwingine. Ulisimama kando ya shuka jeupe na fimbo mkononi, na Wahindi wa kwenye picha wakifungua midomo, wewe ndiye uliyetuambia wanasema nini. Mji mzima ulijua kwamba ulijifunza Kihindi ujanani ulipofanya kazi dukani kwa Mhindi, Moshi. Hata mimi ulinieleza hivyo uliponichumbia, na baba yangu kule Mbulu alikusifu kwamba binti yake kapata msomi.

Sinema ya kwanza niliyomtajia Neema ni ile ya mlinzi wa njia ya reli. Kila asubuhi msichana wa maziwa anataka kuvuka, naye anafunga kizuizi ingawa treni iko mbali, ili tu asimame pale wasemezane kidogo. Wanamwoza msichana mbali. Siku ya kuondoka yumo ndani ya treni, na yule mlinzi ndiye anayepaswa kuinua bendera ya kijani ipite. Anaiinua. Mwanamke wa Sigino aliyekaa karibu nami alisema kwa nguvu kwamba mwanamume huyo ni mjinga, angeiangusha bendera. Mimi nililia kwa sababu hakuiangusha. Aliifanya kazi yake sawasawa, mkono hautetemeki, na moyo wake unaondoka na behewa la tatu.

Ya pili ni ile ya fundi cherehani anayeshonea gauni la harusi mwanamke anayempenda yeye mwenyewe. Wanamletea kamba ya vipimo, anaisukuma kando, anakata kitambaa bila kupima. Alikuwa amemtazama miaka mingi mno hata asihitaji kupima. Pale hata wewe ulinyamaza. Nilipotoka nje nilijitazama nguo yangu nikajiuliza kama wewe ungekisia hata urefu wa mkono wangu.

Maana nyumbani hukuwa na maneno. Uliuliza chumvi iko wapi, mtoto amekunywa dawa, mbuzi wamefungwa. Kisha Jumapili nakaa benchi la nyuma na Anjela mapajani, nakusikia ukimwambia mwanamke wa kwenye shuka mambo ambayo hakuna mwanamume wa Babati aliyewahi kumwambia mkewe. Nikaanza kujiuliza, maneno haya anayatoa wapi? Mtu hatoi ghalani asichokuwa amekiweka. Kama hayaingii nyumbani kwangu, basi yanaingia kwa nani?

Ndipo nilipoanza kukuchunguza, na anayechunguza hakosi kuona. Niliona kwamba ukiwa unasimulia, macho yako yalikwenda benchi la mbele, kwa Mama Hadija, yule mjane Mrangi aliyekuwa akikaa Nangara. Alivaa kitenge cha kijani. Niliona kwamba akigusa kidevu chake, wewe unakatiza na kubadilisha sentensi. Niliona kwamba Jumamosi mchana unafunga kibanda cha baiskeli mapema na kuondoka na kitu kirefu ulichokiviringisha ndani ya gazeti. Nilikuuliza ni nini, ukasema ni spoku za baiskeli. Spoku haziviringishwi kwenye gazeti.

Halafu ile harufu. Jumamosi moja ulirudi, nikakupokea koti, na usoni na mikononi ulinukia sabuni ya kuogea. Si sabuni ya magadi, ni ile yenyewe ya manukato, ambayo mimi nilikuwa sijaishika tangu Anjela azaliwe. Ulitoka nyumbani ukinuka gundi ya viraka, ukarudi unanukia kama bwana harusi. Nilikuwekea ugali, na nilipokuwa nakutazama ukila nilihesabu kila tonge.

Wiki ile, kwenye foleni ya sukari, jirani yetu Mama Pendo alinisogelea akaninong'oneza:

"Mama Anjela, mwenzio Jumamosi yuko Nangara kwa yule mjane. Mimi simo."

Alisema hayo tu, lakini mtu mwenye kidonda hahitaji kubonyezwa mara mbili.

Jumapili iliyofuata ndiyo mliyoonyesha ile sinema ya tatu, ile ya mvua. Mume na mke wamegombana, wanaishi nyumba moja kama wapangaji. Mke anatoka nje kwenye mvua, anasimama uani, hataki kubisha hodi. Mume, wakili mwenye shati jeupe, anafungua mlango. Wewe ukasema, na sauti yako haikuwa ya kawaida:

"Ingia ndani. Nilikuwa nakusikia hata uliponyamaza. Mikono yangu michafu, ndiyo maana sikukushika. Si kwamba sikutaka."

Wanawake ukumbini walilia. Mama Hadija aligusa kidevu, lakini safari hii hukubadilisha neno. Mimi sikulia. Niliona nimesikia ushahidi wa mwisho. Nilijua maneno hayo ni ya mtu halisi kwa mtu halisi, na nilijua si mimi, maana kama ungetaka kuniambia mimi, nyumba ilikuwa na milango miwili na usiku mzima.

Sasa sikia nilichofanya, Baba Anjela. Unakumbuka ndizo siku walizokuwa wakisakwa walanguzi. Watu walifukia mafuta ya kupikia mashambani kwa woga, na jirani alihesabu mara ngapi moshi umetoka kwa jirani. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Sikutaja jina lako. Nilisema tu kwamba kuna mjane Nangara ana sabuni za dukani, na kwamba mtu hapati sabuni za namna hiyo kwa njia ya halali. Balozi aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia pua yangu haidanganyi.

Mgambo walikwenda jioni. Walikuta vipande sita chini ya kitanda, wakamchukua Mama Hadija mpaka ofisi ya kata, na vipande vyake sita kwenye kikapu kama vichwa vya watu.

Habari zilikufikia kibandani kesho yake. Ulitupa spana chini na kuondoka bila kufunga. Mimi nilikufuata kwa mbali, nimembeba Anjela mgongoni, nikitaka kuona kwa macho yangu jinsi utakavyomtetea mwanamke wako. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani. Mama Hadija alikuwa amekaa kwenye kiti, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Alikuwa ameshasema kwamba sabuni analetewa na dereva wa basi kutoka kwa familia ya Kihindi ya Arusha aliyoilelea watoto miaka kumi na minne, na kwamba hajawahi kuuza hata kipande. Hawakumwamini. Wewe ukaomba kusema. Ukasema unamfahamu, unakwenda kwake kila Jumamosi, na hujawahi kuona mtu akinunua kitu pale.

Watu wakacheka kile kicheko. Katibu wa kata akakuuliza unakwenda kufanya nini kila Jumamosi kwa mjane.

Niliona shingo yako ikitoka jasho. Mwenye ukumbi naye alikuwamo, amesimama karibu na meza.

"Ananisimulia sinema," ulisema. "Alipokuwa yaya aliziona zote. Mimi Kihindi sijui hata neno moja."

Hapo hawakucheka. Katibu alidhani hakusikia vizuri, ukarudia. Ukaeleza kwamba dukani Moshi ulikuwa mbeba mizigo, na kwamba ulikuwa ukimpelekea Mama Hadija bango la sinema inayokuja ili akueleze hadithi yake, na siku yenyewe akae mbele akuonye ukikosea. Mwenye ukumbi alikutazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu. Dereva wa basi alipoitwa akathibitisha habari za sabuni, na Mama Hadija akaachiwa kabla ya jua kuzama. Ila wewe hukusimama tena kando ya shuka. Wavulana wa soko wakakupa jina, "Mhindi wa Singe," na ulilibeba miaka.

Mimi nilirudi nyumbani kabla yako nikawasha moto. Ulipoingia ulisema jambo moja tu, kwamba ungependa kumjua aliyepeleka maneno. Nikainamia chungu. Ukasema lazima ni Mama Pendo, maana ndiye pekee aliyekuwa akikuona ukipita njia ya Nangara. Nami nikasema, huenda. Neno moja dogo, huenda, na kuanzia siku ile uliacha kumsalimia. Akipita ukitazama pembeni. Nilikuacha.

Wiki mbili baadaye nilijikaza nikaenda Nangara na debe la mahindi. Mama Hadija alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimuuliza juu ya sabuni, hata wakati ule bado nilikuwa sijaridhika, moyo wangu ulikuwa unatafuta kona. Akaniambia kwamba akikusimulia hadithi ulikuwa unalia kama mtoto, naye anakuwekea maji na sabuni unawe, usikutane na watu barabarani na uso ule. Nikamuuliza kuhusu ile ya mvua. Akanitazama kwa mshangao.

"Yule wakili anasema, ingia, mvua inanyesha. Basi. Hayo ya mikono michafu aliyaongeza mwenyewe. Mimi nilidhani anakwambia wewe."

Nilitembea kutoka Nangara mpaka Singe nikiwa sioni njia. Wakili gani ana mikono michafu? Yule wa kwenye shuka alikuwa na mikono misafi kama ya mtoto mchanga. Mikono myeusi kwa grisi, isiyotoka hata kwa majivu, ilikuwa kwangu, ikishika bakuli kwa ncha za vidole isilichafue, na mimi nikidhani ni kiburi. Jioni ile niliishika, nikaiweka shavuni. Ulishtuka, hukuuliza. Tuliishi vizuri baada ya pale, nadhani. Lakini sikukwambia ni nani aliyekwenda kwa balozi. Ulipokuwa mgonjwa nilikaribia mara mbili. Mara ya kwanza ulisinzia, mara ya pili niliogopa.

Neema alipoondoka Jumapili nilikaa na lile swali lake mpaka Jumatano, kisha nikachukua fimbo nikaenda kwa Mama Pendo. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Nilimwambia yote, tangu balozi mpaka lile neno huenda. Nilimwomba radhi kwa miaka yote uliyomnunia.

Akasema alijua. Akasema na wewe ulijua, kwamba balozi mwenyewe alikwambia kabla mwezi haujaisha, na kwamba ulimfuata yeye Mama Pendo shambani kwake ukamwomba akusamehe na akuvumilie. "Alisema, nikikusalimia mbele ya mke wangu ataelewa kwamba najua, na akielewa hataweza kunitazama tena."

Nilikunywa chai yake mpaka machicha. Njiani kurudi, unajua tabia yangu, nilianza. Huenda Mama Pendo amelitunga hili kunifariji, ni mtu mwenye huruma. Balozi amekufa, wewe umekufa, nitamuuliza nani? Na kama ni kweli, mlizungumza muda gani huko shambani, na hayo maneno mazuri kwa nini tena yaliishia kwa mwanamke mwingine? Nilisimama njiani peke yangu nikacheka mpaka mpita njia akanipa pole.

Maisha yangu yote nimefuatilia kila kitu mpaka mwisho wake, na mara nyingi nimefika mahali nisipopataka. Hili moja, Baba Anjela, sitalifuatilia. Nimeamua kuliamini.

Lala salama, mume wangu. Radhi niliyotaka kukuomba, naona ulishanipa.

Mkeo,
Mama Anjela
Singe, Babati