Panapodondoka Sipo Panapovuja

Kaka Festo,

Sikusalimii. Miezi saba nimeshindwa kukuandikia, maana kila nikishika kalamu yanakuja matusi, na mama alitulea tukijua marehemu hatukanwi. Leo utanisamehe. Nina hasira na wewe.

Jana wale wenye shamba la miti wameleta pikipiki nyingine ya matairi manne. Ni mtumba, aina ileile iliyokuunguza, na kazi ni ileile, kuzungukia barabara za kuzuia moto. Ilipoingia tu getini nikasikia harufu ya petroli. Dereva wao sasa ni Lukosi, rafiki yako. Akashuka anacheka, eti inadondosha kidogo chini ya tanki, nipake sabuni, bosi anasubiri.

Nipake sabuni! Hayo si maneno yako? Najua, mafundi wote hapa Mafinga tunaziba ufa wa tanki kwa sabuni ya mche ili mtu afike nyumbani. Sawa, afike nyumbani, kesho atafute matengenezo ya kweli. Wewe ukaifanya sabuni ndiyo matengenezo yenyewe.

Na ni wewe uliyenifundisha, "Mdogo wangu, panapodondoka sipo panapovuja." Ulinisimamisha nusu siku nzima kwenye injini ya watu. Futa pakauke kabisa. Anza juu, koki, mpira wa mafuta, kabureta, shuka taratibu, usiliamini tone la chini kwa sababu petroli inatembea. Haya, siku ile mwenyewe ulifanya nini? Mganga hajigangi, kumbe kweli! Uliona unyevu chini ya tanki, ukasema ni ufa, ukaniita nilete sabuni. Nikaleta. Ilikuwa sabuni yangu ya kufulia, Kaka. Niliitoa kwenye beseni nikakupa mkononi, na niliona kabisa kwamba hujafuta kitu. Sikusema neno. Ukasema unairudisha mwenyewe shambani, si mbali. Hukufika. Petroli ilidondokea ekzosi ya moto na wewe umekaa juu yake.

Msibani watu wakaniambia Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nilitaka kupiga kelele kanisa zima linisikie. Bwana hakupaka sabuni! Tulipaka sisi wawili.

Basi jana nikamwambia Lukosi chombo hakitoki. Nikafuta kila mahali, nikaenda kwa wifi kuomba poda ya mtoto. Ndiyo, umepata mtoto wa kiume, ana miezi minne, na masikio ni yako, maskini. Nikainyunyiza poda kwenye tanki, kwenye koki na kwenye mpira wote hadi kabureta, nikafungua koki nikasubiri nione itakapolowa. Pakavu. Lukosi akaanza kebehi zake, eti mwanamke na mapoda yake gereji nzima. Bosi naye akapiga simu anafoka, nikamwambia aje atengeneze mwenyewe. Ndipo nikamgeukia Lukosi, kwa hasira tu, nikamwambia panda basi ukae!

Akakaa. Kiti kikabonyea kikaukandamiza mpira, ufa wake ukaachama, na papo hapo poda ikalowa. Petroli ikatambaa juu ya fremu, ikaenda mpaka chini ya tanki, ikadondoka. Palepale ulipopaka wewe, Kaka. Tanki halikuwa na ufa wowote, na naapa hata lile lako halikuwa nao. Lukosi alishuka akavua kofia.

Nikautoa mpira ule, nikaweka mpya, nikaupitisha mbali na kiti na mbali na ekzosi, nikabana vizuri pande zote mbili. Nikamkalisha Lukosi mara tatu, nikamrusharusha kama mtoto. Pakavu. Nikamwambia sasa nenda.

Jioni alipita akitoka msituni, akapiga honi. Mzima kabisa. Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nilienda nyuma ya gereji nikapiga debe teke nikalia. Kazi yote ilinichukua saa moja, Festo. Saa moja! Ulikuwa unawahi wapi? Ungekuwa hapa sasa hivi, mwanao anakukojolea mapajani.

Sijakanyaga kaburini kwako tangu tulipokuzika. Wifi anasema majani yamefunika mpaka msalaba. Nitakuja Jumamosi na jembe, nakuahidi, na nakuahidi pia kwamba hakuna chombo kitakachotoka mikononi mwangu kikiwa na sabuni, hata aje nani kunifokea. Ila usitegemee nitakuja kupiga magoti na kukuombolezea kwa sauti nzuri. Nitapalilia huku nakugombeza, mwanzo wa kaburi hadi mwisho, na ole wako usiponijibu.

Lala, Kaka yangu.

Mdogo wako,
Imelda