Gauni Jeupe la Sandukuni

2 Februari

Mke mwenzangu, mjukuu wangu,

Hujambo huko ughaibuni? Mimi sijambo, ila macho. Mistari ikipanda mlima usicheke, naandika kwa kuweka rula. Jana daktari wa macho alisoma cheti changu, akaniuliza kwa upole, "Bibi, miaka mia na minne, upasuaji wa nini tena?" Nikamwambia nataka kushona gauni la harusi ya mjukuu wangu. Akatabasamu, akanipa dawa ya matone. Nimeumia sana. Nimewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima, nishindwe na lako?

Bibi yako

19 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, ila kazi ya kutandika mashuka hotelini inanimaliza mgongo. Bibi, nakuomba usijitese. Gauni nitaazima. Ukipasuliwa likaharibika jambo, nitajilaumu maisha yangu yote. Halafu Mama anasema umetoa sandukuni lile gauni jeupe ulilojishonea la kuzikiwa ulipotimiza sabini, unalipiga pasi. Naogopa.

Mjukuu wako

11 Machi

Marahaba. Mimi mzima, na usiogope. Nalipiga pasi kila mwaka, lisiliwe na wadudu.

Nimerudi kwa daktari na sindano mbili na uzi. Nikamwambia, tutunge sote, mimi nimefumba macho. Tundu nalitafuta kwa ncha ya ulimi, miaka themanini sasa. Nilipomaliza, yeye na miwani yake alikuwa bado anaulamba uzi. Akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Napasuliwa Jumatatu.

Bibi yako

7 Aprili

Shikamoo Bibi,

Karibu mwezi mzima kimya, na Mama hapokei simu. Sili, silali. Niandikie mstari mmoja tu, hata uliopinda.

Mjukuu wako

20 Aprili

Marahaba, mke mwenzangu. Tazama mistari ilivyonyooka, na rula sikugusa. Mama yako nilimkataza kukuambia, nilitaka ujionee mwenyewe. Unisamehe kwa hofu niliyokutia.

Gauni lako ni hilo kwenye kifurushi. Kitambaa nilichokununulia dukani kabla ya upasuaji, nilipokiona vizuri, nilikionea aibu. Nikalifumua lile la sandukuni, satini nzito ya zamani, nikakata kwa vipimo vyako. Kwenye mishono nimeacha kitambaa cha ziada. Ukinenepa, nitalipanua mwenyewe.

Sasa sina nguo ya kuzikiwa, wala sina nafasi ya kushona nyingine. Wateja wamejaa mpaka barazani, na daktari ameleta suruali tatu.

Bibi yako, fundi