Laptopu Iliyokataa Githongo

Githongo,
16 Juni 1998.

Kwa dada yangu mpendwa Angeline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Karimi wako. U hali gani? Shemeji Nyamu hajambo? Na mbuzi wenu je, bado wana cha kula, au huko Kiritiri nyasi zimeshakauka tena? Huku kwetu ni baridi na manyunyu tu, na ng'ombe amezaa, ingawa ndama ni dume. Kwa mwili mimi ni mzima. Kwa roho, dada, nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hivyo mwandiko huu uvumilie, na shemeji naye ausome.

Unajua Baba Karimi alipewa laptopu na ule mradi wa maji anaofanyia kazi Embu. Ni kompyuta nyembamba ya kukunjwa. Haina kipanya cha kusukuma mezani. Chini ya herufi kuna kibao kidogo laini, ukipitisha kidole juu yake mshale unatembea kwenye kioo. Jumatatu anaondoka nayo, Ijumaa jioni anarudi nayo amalizie ripoti zake. Tangu alipoipata wakati wa Pasaka, kila akiifungua hapa nyumbani, mshale unatembea kidogo, unaruka, kisha unasimama. Ukiachwa unaamka, halafu unasimama tena. Kule Embu, anasema, iko sawa kila siku.

Basi kama Embu iko sawa, mkosaji ni nani? Ni nyumba yangu. Kwanza lilikuwa kosa la moshi. Nikaambiwa nisiwashe moto jikoni akiwa ameifungua, tukala githeri baridi kama watu waliofiwa. Kisha ikawa stima ya Githongo ni mbovu. Tukachomoa waya, na mshale ukasimama vilevile. Akaipeleka kwa fundi mjini Meru. Fundi akaipapasa, akaipapasa tena, akasema mashine haina neno.

Hapo ndipo alipomgeukia mtoto. Alisema Karimi ameimwagia uji, akamchapa, dada, mtoto ambaye hata kuisogelea anaogopa. Nilimwambia mtoto hajaigusa. Akanijibu kwamba mwanamke aliyeshindwa kulinda kifaa kimoja asimfundishe yeye kazi. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Jumamosi iliyopita alishuka sokoni kunyolewa, akaiacha wazi mezani. Nikaketi kwenye kiti chake na hasira zangu zote, nikasema leo nitaujua ugonjwa huu mwenyewe. Nilipapasa kwa mkono wangu wa kulia, mshale ukatembea vizuri. Nikakumbuka kwamba Baba Karimi hutumia kushoto. Nikahamia kushoto, nikauweka mkono anavyouweka yeye, kidole cha kwanza mbele na vingine vimelegea. Mshale ukaruka, ukasimama.

Nikautazama mkono wangu. Pete ya arusi ilikuwa imelala juu ya kile kibao. Nikaiinua, mshale ukatembea. Nikaishusha, ukasimama. Nikaenda kuivua kwa sabuni, maana yangu haitoki hivihivi, nikarudi, na mshale ukatembea mpaka nikachoka kuutazama.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikatoka mbio nimpate njiani nimwambie si moshi, si stima, si mtoto, ni pete tu. Nilipofika kwenye mibuni ya karibu na lango, nikasimama. Kama ni pete inayousimamisha mshale, na Embu mshale hausimami, basi Embu pete huwa wapi?

Ni pete ileile, dada, mliyotushikia wewe na shemeji siku mliyosimama nasi madhabahuni. Ni ileile aliyoitolea ushuhuda mwezi wa pili mbele ya kanisa zima, kwamba haijatoka kidoleni mwake tangu siku ile. Na mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Aliporudi nilimwambia polepole avue pete kidogo ajaribu. Ilitoka mara moja, bila sabuni, bila hata kuitazama, kama mtu anavyovua kofia. Mshale ukakimbia. Akafurahi, akasema kumbe ilikuwa hii kitu tu. Nikamuuliza, na Embu je?

"Embu? Aa, Embu haijawahi kunisumbua hata siku moja," akasema, huku akiandika.

Hakusikia alichokisema mwenyewe. Nilisimama pale nikingoja asikie, na hakusikia. Wala hakumwita mtoto amwombe msamaha.

Jumapili aliivaa kwenda kanisani. Aliporudi aliivua afanye kazi, akaiweka pale mezani kando ya taa. Jana alfajiri, mkoba ukiwa begani mwake, nilimuuliza kama kuna kitu anachosahau. Akapapasa mifuko: funguo zipo, miwani ipo, waya wa mashine upo. Akageuka akaitazama meza yote.

"Niko na kila kitu, Mama Karimi," akasema, akaenda.

Ndiyo hiyo pete yake, imefungwa kwa karatasi ndani ya bahasha hii. Nimempa jirani yetu Mukiri, anayekuja huko kununua mbuzi, na hajui amebeba nini. Sikutumii uniwekee. Jumamosi njooni nyote wawili, kwa sababu ninyi ndio mlisimama nasi, mje mumrudishie mkononi na mumuulize mbele yangu huwa anaivaa wapi na kuivua wapi. Lakini kabla ya hayo, ataanza na Karimi. Atamwambia mtoto kwamba hakumwaga uji wowote. Mimi sitapiga kelele. Nimeshazipiga zote humu.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako mwambie kikapu chake nimekimaliza. Karimi anawauliza kama mtakuja na asali. Chakula kitakuwa moto.

Ni mimi mdogo wako, ambaye pete yangu nimeirudisha kidoleni kwa sabuni ileile,

Karwirwa.