Rupia Iliyotobolewa kwa Msumari

Mdogo wangu Teresia,

Salamu kutoka Nanyala. Mibuni imechanua vizuri mwaka huu.

Jana muuza ndizi, kwa vile anajua nakusanya sarafu za kale, aliniletea rupia ya Kijerumani nimtajie toleo lake. Mstari kwenye kofia ya Kaisari, kama ule wa rupia ya mama, haukunishtua, maana muhuri ukipasuka huacha alama hiyohiyo kwenye kila sarafu unayoigonga. Kilichonishtua ni tundu. Baba alilitoboa kwa msumari, na mama tulimzika akiwa ameivaa rupia hiyo shingoni.

“Umeipata wapi?”

“Bibi mmoja kanilipa nayo, mzee. Mkono wake baridi huo! Akauliza magari ya Tunduma, anakwenda kwa binti yake Teresia.”

Nimelikagua kaburi. Saruji haina hata ufa.

Akibisha, mwamkie kwa heshima, lakini usimfungulie mlango.

Kaka yako,
Asajile